Namba Inayofuata Jina: Jinsi ya Kuhesabu Protoni, Nyutroni na Elektroni za Atomu

Katika vyeti vya upimaji wa mionzi kwenye vyakula, katika vibao vya chuma vilivyobandikwa ubavuni mwa mitambo ya hospitali na viwanda, na katika taarifa za habari zinazohusu ajali za nyuklia, mlaji hukutana na maandishi mafupi ya namna hii: Cs-137, I-131, K-40, Co-60. Wengi huyaruka kwa kudhani kwamba ni mambo ya wataalamu. Wengine hulitambua jina la elementi wanayoifahamu, kama vile iodini inayotiwa katika chumvi, wakaingiwa na hofu kwamba kitu kinachotajwa kuwa na madhara ndicho wanachokila kila siku.

Makala haya yanaeleza hesabu moja ya kutoa ambayo mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuifanya. Kwa hesabu hiyo msomaji ataweza kutambua atomu inayotajwa ina protoni ngapi, nyutroni ngapi na elektroni ngapi. Ataona pia kwamba jina la elementi peke yake halitoshi kukituhumu chakula wala kukisafisha. Namba inayofuata jina ndiyo yenye habari.

Chembe tatu zinazounda atomu

Vitu vyote tunavyovigusa, kuanzia chumvi, maji na chuma hadi miili yetu wenyewe, vimeundwa kwa atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini, na kukizunguka kiini hicho kuna elektroni. Ndani ya kiini kuna chembe za aina mbili: protoni na nyutroni.

Protoni ina chaji chanya. Elektroni ina chaji hasi, nayo inalingana kwa ukubwa na chaji ya protoni. Nyutroni haina chaji. Protoni na nyutroni zinakaribiana sana kwa uzito, lakini elektroni ni nyepesi mno: protoni moja ina uzito wa takriban mara 1,836 ya elektroni moja. Kwa sababu hiyo, karibu uzito wote wa atomu umo ndani ya kiini, na hesabu ya uzito hufanywa bila kuzihusisha elektroni.

Maarifa haya yalipatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kuwapo kwa elektroni. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza kwamba atomu ina kiini kidogo chenye chaji chanya. Mwaka 1913 Henry Moseley, kwa kutumia eksirei, alithibitisha kwamba nafasi ya kila elementi katika mpangilio wa elementi inafuata ukubwa wa chaji ya kiini chake. Nyutroni, kwa kuwa haina chaji ya kuitambulisha, ilichelewa kugunduliwa. James Chadwick aliitambua mwaka 1932.

Kila chembe ina jambo inaloliamua, na mlaji akishika mgawanyo huu atakuwa amepata nusu ya somo:

- Idadi ya protoni huamua jina la elementi.
- Idadi ya elektroni huamua namna atomu inavyoungana na atomu nyingine, yaani tabia yake katika chakula, katika maji na mwilini.
- Idadi ya nyutroni, ikilinganishwa na ile ya protoni, huamua kama kiini kimetulia au kitavunjika na kutoa mionzi.

Namba mbili za kuzifahamu

Namba ya kwanza ni namba ya atomu. Hii ni idadi ya protoni, na kila elementi ina yake isiyobadilika. Kaboni ni 6, sodiamu ni 11, klorini ni 17, potasiamu ni 19, kobalti ni 27, iodini ni 53, sesiamu ni 55 na urani ni 92. Atomu yenye protoni 53 ni iodini popote itakapokutwa, iwe katika chumvi, katika samaki wa baharini au katika dawa ya hospitali. Namba za atomu hupatikana katika jedwali la elementi linalotundikwa katika madarasa ya sayansi na kuchapishwa katika vitabu vya kemia vya sekondari.

Namba ya pili ni namba ya masi. Hii ni jumla ya protoni na nyutroni zilizomo katika kiini. Ndiyo namba inayoandikwa baada ya jina au alama ya elementi: katika Cs-137, namba ya masi ni 137. Katika vitabu vya shule namba hii huandikwa juu, upande wa kushoto wa alama, na namba ya atomu huandikwa chini yake. Maana haibadiliki.

Baadhi ya alama za elementi zimetokana na majina ya Kilatini na hazifanani na majina tuliyoyazoea. Alama ya sodiamu ni Na, kutoka natrium, na ya potasiamu ni K, kutoka kalium. Sesiamu huandikwa Cs, iodini huandikwa I na kobalti huandikwa Co.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Katika jedwali la elementi huonekana pia namba yenye desimali, kwa mfano 35.45 kwa klorini. Hiyo si namba ya masi ya atomu yoyote. Ni wastani. Katika kila atomu 100 za klorini ya asili, takriban 76 ni Cl-35 na 24 ni Cl-37, na wastani wa uzito wao ndio unaozaa desimali hiyo. Hakuna atomu yenye nusu ya nyutroni, kwa hiyo katika kuhesabu chembe tumia namba kamili iliyoandikwa baada ya jina.

Hatua za kuhesabu

1. Soma jina au alama ya elementi, kisha tafuta namba yake ya atomu katika jedwali. Hiyo ndiyo idadi ya protoni.
2. Chukua namba ya masi iliyoandikwa baada ya jina. Toa namba ya atomu. Kinachobaki ni idadi ya nyutroni.
3. Kama atomu haina chaji, idadi ya elektroni ni sawa na idadi ya protoni.
4. Kama kuna alama ya chaji, rekebisha elektroni peke yake. Alama ya kujumlisha ina maana kwamba elektroni zimepungua, na alama ya kutoa ina maana kwamba zimeongezeka. Protoni na nyutroni haziguswi.

Hatua ya nne huwachanganya wengi, kwa kuwa alama ya kujumlisha humfanya msomaji adhani kwamba kitu kimeongezwa. Elektroni ina chaji hasi. Atomu ikiipoteza, chaji chanya ya kiini huzidi, ndipo alama ya kujumlisha inapoandikwa.

Mfano wa kwanza: chumvi ya mezani

Chumvi ni muungano wa sodiamu na klorini. Sodiamu ya asili ni Na-23. Protoni zake ni 11, na nyutroni ni 23 kutoa 11, yaani 12. Ikiwa peke yake bila chaji, ingekuwa na elektroni 11. Ndani ya chumvi, hata hivyo, sodiamu huwa imeipa klorini elektroni moja, hivyo inabaki na elektroni 10 na kuandikwa Na⁺.

Tuchukue sasa Cl-35. Protoni ni 17, na nyutroni ni 35 kutoa 17, yaani 18. Kwa kuwa imepokea elektroni moja kutoka kwa sodiamu, ina elektroni 18 badala ya 17, nayo huandikwa Cl⁻.

Atomu iliyopoteza au kupata elektroni huitwa ioni. Mlaji huzikuta ioni katika lebo za maji ya chupa, ambako Na⁺, K⁺ na Ca²⁺ huorodheshwa pamoja na kiasi chake katika lita moja. Kalsiamu ina namba ya atomu 20, kwa hiyo Ca²⁺ ina elektroni 18. Alama hizo hazina uhusiano wowote na mionzi. Zinaeleza tu kwamba madini hayo yameyeyuka katika maji.

Mfano wa pili: iodini ya chumvi na iodini ya ajali

Chumvi yenye madini joto ina iodini, inayotiwa ili kuzuia rovu na kulinda ukuaji wa akili za watoto. Iodini hiyo ni I-127. Protoni ni 53. Nyutroni ni 127 kutoa 53, yaani 74. Kiini chenye mchanganyiko huo kimetulia. Hakitoi mionzi leo wala hakitatoa kesho.

Iodini inayozalishwa ndani ya mtambo wa nyuklia na kutajwa baada ya ajali ni I-131. Protoni ni 53 zile zile. Nyutroni ni 131 kutoa 53, yaani 78. Nyutroni nne za ziada zimekifanya kiini kisiwe tulivu. Katika kila siku 8, takriban nusu ya atomu za I-131 zilizopo huvunjika, na kila moja inayovunjika hutoa mionzi.

Sasa tuzitazame elektroni. I-127 isiyo na chaji ina elektroni 53, na I-131 isiyo na chaji ina elektroni 53. Hazina tofauti. Kwa kuwa elektroni ndizo zinazoamua tabia ya kikemia, mwili hauna njia ya kuzitofautisha. Tezi ya shingoni, ambayo huihitaji iodini ili itengeneze homoni, huipokea I-131 kama inavyoipokea I-127 na kuihifadhi ndani yake. Hilo ndilo lililotokea baada ya ajali ya Chernobyl, nchini Ukraine, tarehe 26 Aprili 1986. I-131 ilianguka kwenye malisho, ikaingia katika maziwa ya ng'ombe, na watoto walioyanywa maziwa hayo waliongezekewa na saratani ya tezi hiyo katika miaka iliyofuata.

Kutokana na hesabu hii mlaji anapata mambo mawili. Kwanza, hakuna sababu ya kuiogopa chumvi yenye madini joto, na anayeiacha kwa kuhofia mionzi anaiweka familia yake katika hatari halisi ya upungufu wa iodini. Pili, vidonge vya iodini ambavyo hutolewa katika dharura ya nyuklia vina iodini tulivu, nayo kazi yake ni kuijaza tezi kabla I-131 haijaingia. Vidonge hivyo humezwa kwa maelekezo ya mamlaka za afya pekee, na kula chumvi nyingi hakuwezi kuchukua nafasi yake.

Mfano wa tatu: sesiamu katika cheti cha chakula

Sesiamu ya asili ni Cs-133. Protoni ni 55 na nyutroni ni 78. Imetulia. Cs-137, inayozalishwa katika mitambo ya nyuklia na katika milipuko ya silaha za nyuklia, ina protoni 55 na nyutroni 82. Nusu ya atomu zake huvunjika katika muda wa takriban miaka 30.

Linganisha muda huo na siku 8 za I-131. Baada ya siku 80, I-131 imepungua kwa nusu mara kumi, na kilichobaki ni karibu sehemu moja katika elfu. Katika siku hizo hizo 80, Cs-137 huwa haijapungua kwa kiasi cha kutajwa. Maziwa ya unga yaliyochafuliwa yanaweza kukaa ghalani miezi mingi na kusafirishwa kutoka bara moja hadi jingine bila Cs-137 iliyomo kwisha. Ndiyo sababu wapimaji wa vyakula huitafuta sesiamu hata pale ambapo ajali ilitokea zamani na mbali.

Sesiamu imo katika safu moja na potasiamu katika jedwali la elementi, kwa kuwa elektroni zao za nje zinafanana. Kwa hiyo mwili huipeleka kule inakopelekwa potasiamu, hasa katika misuli.

Kiini cha Cs-137 kinapovunjika, nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, na elektroni hutupwa nje kwa kasi kubwa kama mionzi ya beta. Tuhesabu upya. Protoni zilikuwa 55, sasa ni 56. Nyutroni zilikuwa 82, sasa ni 81. Jumla bado ni 137, lakini jina limebadilika, kwa sababu elementi yenye protoni 56 ni bariamu. Bariamu hiyo mpya huwa na nishati ya ziada kwa muda mfupi, kisha huitoa kama mionzi ya gama, nayo mionzi hiyo ndiyo inayonaswa na vifaa vya maabara vinapotafuta sesiamu katika chakula.

Mfano wa nne: potasiamu ya maharage

Potasiamu ina protoni 19. Katika kila atomu 100 za potasiamu ya asili, takriban 93 ni K-39, zenye nyutroni 20, na karibu zote zilizosalia ni K-41, zenye nyutroni 22. Zote mbili zimetulia. Katikati yake ipo K-40, yenye nyutroni 21, ambayo haikutulia. Hii ni adimu: atomu 12 hivi katika kila atomu 100,000. Ilikuwapo tangu dunia ilipoumbika, na nusu yake huvunjika kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Kwa kuwa mimea yote huhitaji potasiamu, K-40 imo katika ndizi, maharage, viazi, maziwa na nyama, na imo katika mwili wa kila mtu. Gramu moja ya potasiamu, mahali popote duniani, ina viini takriban 31 vinavyovunjika kila sekunde. Mtu mzima mwenye kilo 70 ana takriban gramu 140 za potasiamu, hivyo viini zaidi ya 4,000 huvunjika ndani yake kila sekunde, mchana na usiku. Mwili huiweka potasiamu katika kiwango chake, na ziada hutolewa kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo, kula ndizi nyingi hakulimbikizi K-40.

Muhtasari wa mifano

| Atomu | Protoni | Nyutroni | Elektroni (bila chaji) | Hali ya kiini | Inakopatikana |
|---|---|---|---|---|---|
| K-39 | 19 | 20 | 19 | Kimetulia | Vyakula vyote vya mimea na wanyama |
| K-40 | 19 | 21 | 19 | Hakikutulia | Humo humo, kwa asili |
| Co-59 | 27 | 32 | 27 | Kimetulia | Vitamini B12 |
| Co-60 | 27 | 33 | 27 | Hakikutulia | Mitambo ya kutibu saratani |
| I-127 | 53 | 74 | 53 | Kimetulia | Chumvi yenye madini joto |
| I-131 | 53 | 78 | 53 | Hakikutulia | Tiba ya tezi; ajali za nyuklia |
| Cs-133 | 55 | 78 | 55 | Kimetulia | Miamba, kwa asili |
| Cs-137 | 55 | 82 | 55 | Hakikutulia | Vifaa vya viwandani. Ajali za nyuklia |
| U-238 | 92 | 146 | 92 | Hakikutulia | Mawe yenye urani |
| Am-241 | 95 | 146 | 95 | Hakikutulia | Baadhi ya vitambua moshi |

Msomaji atazame kobalti. Nyutroni moja tu ndiyo inayotenganisha kobalti iliyomo katika vitamini B12, ambayo mwili hauwezi kukosa, na kobalti ya mtambo wa kutibu saratani, ambayo lazima ifungwe ndani ya risasi nzito.

Kusoma cheti cha upimaji

Nchini Tanzania, Sheria ya Nguvu za Atomu, Namba 7 ya mwaka 2003, imeipa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania jukumu la kusimamia matumizi salama ya mionzi. Mfanyabiashara au mlaji anayepewa matokeo ya kipimo cha chakula atazame vitu vitatu kwa pamoja: jina la elementi, namba ya masi, na kiasi kilichopimwa.

Kiasi huandikwa kwa bekereli kwa kilo, yaani Bq/kg. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachovunjika katika sekunde moja. Kiasi bila namba ya masi hakina maana, na mfano ufuatao unaonyesha kwa nini. Viwango elekezi vya Codex Alimentarius kwa vyakula vinavyouzwa kimataifa baada ya dharura ya nyuklia ni bekereli 100 kwa kilo kwa I-131, na bekereli 1,000 kwa kilo kwa Cs-137. Mionzi ya asili kama ya K-40 haimo katika orodha hiyo. Kilo moja ya maharage makavu, yenye zaidi ya gramu kumi za potasiamu, huweza kuonyesha zaidi ya bekereli 300 za K-40, na maharage hayo hayana kasoro. Bekereli 300 kwa kilo zikiwa ni za I-131, chakula hicho kimevuka kiwango mara tatu. Anayeisoma 300 peke yake anaweza kumwaga chakula kizuri au kukinunua kibaya.

Hesabu yetu hufichua pia karatasi zenye makosa. Namba ya masi ya elementi hizi haiwezi kuwa sawa na namba ya atomu wala kuwa ndogo kuliko hiyo. Karatasi iliyoandikwa Cs-55 inadai kwamba kuna sesiamu isiyo na nyutroni hata moja, jambo lisilowezekana. Huenda ni kosa la uchapaji, huenda ni cheti cha kughushi. Kwa vyovyote, muulize aliyekitoa kabla ya kulipia mzigo.

Yale ambayo jiko haliwezi kuyafanya

Kuchemsha, kukaanga, kukausha, kugandisha na kutia chumvi ni kazi zinazogusa elektroni za nje ya atomu. Moto wa jikoni haukifikii kiini. Cs-137 iliyomo katika chakula itabaki na protoni 55 na nyutroni 82 hata chakula kikiungua na kuwa majivu. Baadhi yake yaweza kuhamia katika maji ya kuchemshia, lakini haitoweki. Anayedai kuwa ana unga, mafuta au mashine ya nyumbani ya kuondoa mionzi katika chakula kwa kukipasha moto asiaminiwe.

Kwa kanuni hiyo hiyo, chakula kilichopita katika mashine ya eksirei bandarini au uwanja wa ndege hakigeuki kuwa chenye mionzi. Eksirei hizo hazibadilishi idadi ya protoni wala nyutroni.

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu

Hesabu hii ina uzito wa pekee kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu. Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili walichukua sehemu ya mtambo wa tiba ulioachwa katika jengo la kliniki iliyohama. Waliibomoa na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani yake mlikuwa na kidonge cha chuma chenye unga uliong'aa kwa rangi ya buluu gizani, nao uligawiwa kwa ndugu na majirani kama kitu cha ajabu. Unga huo ulikuwa na Cs-137. Watu 4 walifariki katika wiki zilizofuata, watu 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya watu 112,000 walilazimika kupimwa.

Vifaa vya namna hii hubeba alama ya mabawa matatu meusi yanayokizunguka kiduara kidogo kwenye rangi ya njano, pamoja na kibao chenye alama ya elementi, namba ya masi na kiasi. Katika kibao, kiasi huweza kuandikwa GBq, yaani bekereli bilioni moja, TBq, yaani bekereli trilioni moja, au kwa kipimo cha zamani cha Ci, ambacho kimoja ni sawa na bekereli bilioni 37. Mnunuzi akiona Cs-137, Co-60 au Am-241 kwenye kipande cha chuma, asikikate, asikipime uzito wala asikibebe. Awaondoe watu karibu nacho, azuie wengine wasikisogelee, kisha atoe taarifa polisi au kwa mamlaka inayosimamia mionzi. Asisubiri kuona kama kitamdhuru, kwa kuwa mionzi haionekani, haina harufu na haiumi wakati inapoingia mwilini.

Jipime

Tumia namba za atomu zilizo katika mabano kukokotoa idadi ya protoni, nyutroni na elektroni.

1. Kaboni-14 (6), isiyo na chaji.
2. Radoni-222 (86), isiyo na chaji.
3. Urani-235 (92), isiyo na chaji.
4. Cs-137 (55) iliyoyeyuka katika maji kama Cs⁺.

Majibu: (1) protoni 6, nyutroni 8, elektroni 6. (2) protoni 86, nyutroni 136, elektroni 86. (3) protoni 92, nyutroni 143, elektroni 92. (4) protoni 55, nyutroni 82, elektroni 54.

Mambo ya kuzingatia

- Usikubali taarifa inayotaja jina la elementi bila namba ya masi pale inapozungumzia mionzi. Uliza: ni iodini ipi, ni sesiamu ipi?
- Toa namba ya atomu kutoka katika namba ya masi ili upate nyutroni, kisha linganisha na atomu tulivu ya elementi hiyo.
- Soma namba ya masi pamoja na kiasi kilichopimwa. Kimoja bila kingine hupotosha.
- Kuhesabu chembe kunakuwezesha kukisoma cheti, hakukiondolei chakula hitaji la kupimwa. Ukiwa na shaka juu ya chakula, omba cheti cha muuzaji au upeleke suala hilo kwa mamlaka husika.
- Endelea kutumia chumvi yenye madini joto.